Shajara ya mradi: kutoka Tanga hadi kwenye seva za mzizi

27 Mei 2024

Tunachopima ni hiki: kutoka Tanga mjini, kila herufi ya seva za mzizi wa DNS (mfumo unaogeuza majina ya intaneti kuwa anwani; seva za mzizi ndizo za ngazi yake ya juu kabisa) inajibu kutoka mji gani, kwa njia ipi, na njia hiyo imewekwa na uamuzi wa nani.

Kwa asiyezifuatilia, herufi, yaani majina ya seva hizo, ni 13, kuanzia A hadi M, na waendeshaji ni 12 kwa kuwa Verisign inashika A na J. Kila herufi ina anwani moja ya IPv4 na moja ya IPv6, ila nyuma ya anwani hiyo kuna mashine nyingi, na kwa herufi zote pamoja zimepita 1,500. Anwani ileile hutangazwa kwa BGP, lugha ambayo mitandao hutangaziana njia, kutoka miji mingi. Mtindo huo ndio enikasti. Swali likitoka Ngamiani, hapa Tanga, ruta za njiani ndizo zinazoamua liishie Dar es Salaam, Nairobi au London. Mteja hachagui. Anayechagua ni mtoa huduma wake, na huchagua kwa kukubali au kukataa mikataba. Ipo transiti, anayoilipia ili trafiki yake ifikishwe kokote duniani. Ipo piaringi, ambapo mitandao miwili huungana moja kwa moja na kila mmoja humpa mwenzake njia za wateja wake, mara nyingi bila malipo.

Mwezi huu umetoa sababu mbili za kuanza sasa. Tarehe 12 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini mwa bara, Afrika Mashariki ikayumba. Tarehe 18 C-root, inayoendeshwa na Cogent, iliacha kupokea matoleo mapya ya zoni ya mzizi, yaani orodha ya .com, .tz na wenzao inayotolewa na mzizi. Maswali yaliendelea kujibiwa, lakini kwa nakala iliyochacha. Waendeshaji waliarifiwa tarehe 21 saa 12:30 jioni kwa saa zetu, na hali ikatengemaa kesho yake saa 1 usiku. Maelezo yao rasmi yalisema badiliko la sera ya ruti (kanuni za kuchagua njia), lisilohusiana kabisa na kazi hiyo, lilikuwa limenyamazisha mitambo ya uangalizi. Wenye .gov na .int walilazimika kuahirisha mabadiliko ya DNSSEC (sahihi za kidijitali zinazothibitisha majibu ya DNS) waliyoyapanga. Kama sera ya ruti inaweza kumficha mwenye seva hali ya seva yake, mteja wa mwisho wa waya ana kila sababu ya kupima mwenyewe.

28 Mei: vifaa

Kipimo kinafanyika kwenye Raspberry Pi 4 ya GB 4, yenye chaja yake halisi ya volti 5.1 na ampea 3. Mfumo uko kwenye SSD ya USB na si kadi ya SD. Kadi ikiandikiwa kumbukumbu kila dakika huenda isimalize mwaka. UPS ni ya VA 650. Ruta ni kompyuta ya x86 yenye RAM ya GB 8 na programu ya ruti ya BIRD 2, kwa sababu mmoja wa watoa huduma hutupa jedwali zima la BGP, ambalo kufikia Mei 2024 lilikaribia prefiksi (mafungu ya anwani) 950,000 za IPv4.

Watoa huduma ni wawili. Humu tunawaita Kusi na Kaskazi, wasije wakachanganywa na herufi za mzizi. Kusi anakuja kwa faiba na hutupa njia ya jumla peke yake, yaani 0.0.0.0/0, ya kwenda kokote. Kaskazi anakuja kwa redio ya paa kwa paa na hutupa jedwali zima. IPv6 hakuna kwa yeyote kati yao, kwa hiyo tunatumia handaki la 6in4 (pakiti za IPv6 ndani ya zile za IPv4: protokali 41, MTU 1480) linalopita juu ya laini ya Kusi.

Jambo la kuzingatia kabla ya kupima chochote ni anwani ya chanzo: lazima iwe ile ya kiungo cha mtoa huduma husika. Ukipima kwa anwani ya prefiksi yako mwenyewe, swali litatoka kwa Kusi lakini jibu linaweza kurudi kwa Kaskazi, na muda utakaouona utakuwa mchanganyiko usioelezeka. Pi imepewa jedwali mbili za ruti, na `ip rule add from <anwani> table 101` inaelekeza kila chanzo kwenye mlango wake.

29 Mei: amri ya kupima

Kila herufi inaulizwa hivi kwa dig, programu ya kuuliza maswali ya DNS, mara moja kwa kila mtoa huduma:

`dig -4 -b <chanzo> +norec +nsid +time=2 +tries=1 @193.0.14.129 . SOA`

Hiyo ni K. Tumeandika anwani badala ya majina, kwa sababu `@k.root-servers.net` humlazimu dig kwanza amuulize risolva wa hapo (seva inayowatafutia watumiaji majibu ya DNS), na risolva akiwa mgonjwa utadhani mzizi ndio mgonjwa. Hakikisheni orodha ya anwani ni mpya: B ilihamia 170.247.170.2 mwezi Novemba 2023, na faili nyingi za hints (orodha ya kuanzia ya anwani za mzizi) zinazokuja na mifumo ya zamani bado zina anwani ya awali.

Kwenye jibu tunasoma vitu vitatu. Cha kwanza ni NSID, jina la mashine iliyojibu, ambalo kwa herufi nyingi hubeba kifupi cha mji. Wapo wanaouliza `hostname.bind CH TXT` kando, lakini hayo ni maswali mawili tofauti, na pakigawanywa mzigo njiani yanaweza kufika kwenye mashine mbili. NSID huja ndani ya jibu lilelile. Cha pili ni namba ya toleo la zoni, iliyomo kwenye rekodi ya SOA tunayoiuliza: mwaka, mwezi, tarehe na tarakimu mbili. Kwa kawaida hutoka matoleo mawili kwa siku, kwa hiyo herufi moja kubaki nyuma kwa dakika chache si neno. Ikibaki nyuma siku nzima, hiyo ndiyo habari ya C ya mwezi huu. Cha tatu ni muda.

Muda nao una hesabu yake. Tanga hadi Dar kwa barabara ni kama kilomita 350. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde, hivyo kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya ms 3.5. Ukiongeza mizunguko ya waya na vifaa vya njiani, ms 6 hadi 12 ni Dar. Ikianza kupita 150, swali limevuka bahari, haijalishi mtu wa mauzo alikuambia nini.

31 Mei: usomaji wa kwanza

K ndiyo inayoonyesha tofauti vizuri zaidi. Kupitia Kusi: ms 9, NSID ya Dar es Salaam. Kupitia Kaskazi, dakika ileile: ms 168, NSID ya Ulaya.

K ina mashine Dar kwa miaka mingi, kwenye kituo cha kubadilishana trafiki cha TIX kinachosimamiwa na TISPA, chama cha watoa huduma za intaneti Tanzania. Kusi ana mlango TIX na anaongea na kituo hicho. Kaskazi hana. Ukitazama traceroute (orodha ya ruta za njiani) ya Kaskazi inakera: pakiti inafika Dar ndani ya ms 7, inaipita mashine iliyo mji uleule, inaingia kwenye mkongo wa baharini, inaulizia Ulaya na kurudi. Mkongo ukikatika kama tarehe 12, wateja wa Kaskazi wanapoteza K wakati K iko hai na iko jirani.

Uamuzi wa Kaskazi si wa kijinga, na tusiuchukulie hivyo. Mlango kwenye kituo una gharama, waya wa kufika pale una gharama, na anayeuza transiti kwa watoa huduma wadogo hana haraka ya kukaa nao meza moja wakapata bure anachotaka kuwauzia. Tatizo ni kwamba seva za mzizi, ambazo hazimuuzii mtu chochote, zinaachwa nje ya mlango huohuo.

Kingine kilichoonekana: kutoka Tanga, Mombasa iko karibu kuliko Dar, unavuka mpaka wa Horohoro umefika. Kwa pakiti zetu Horohoro haipo. Herufi zinazojibu kutoka Kenya tunazifikia kwa kushuka Dar kwanza.

4 Juni: ujumbe kwa Kaskazi

Umetumwa kwa mhandisi wa zamu. Tunauweka hapa kwa kuwa malalamiko ya "intaneti iko slow" hayamfikishi mtu popote. Mpe vitu anavyoweza kuvikagua.

"Habari za kazi, kaka. Tunaomba msaada wa kuangalia njia ya kwenda 193.0.14.0/24 (AS25152). Kutoka laini yetu ya Tanga inatoka nchini na kurudi kwa ms 168, wakati mashine ya K-root iko Dar. Traceroute na NSID tumeambatanisha, pamoja na saa ya kipimo. Je, mna mpango wa kuungana na route server ya TIX, au hata sesheni ya moja kwa moja na K peke yake? Kwenye ruta yenu ya Dar, `show route 193.0.14.0/24 all` itaonyesha kama prefiksi hii mnaisikia kutoka kwa mwenye transiti tu. Asante, tunasubiri."

7 Juni

Jibu limekuja, la kiungwana. Kaka wa zamu amethibitisha kuwa prefiksi wanaisikia kwa transiti tu, na kwamba piaringi si suala la zamu, ni la biashara, amelipeleka juu. Hatutegemei muujiza. Tunaendelea na yale yaliyo mikononi mwetu.

11 Juni: mtego wa NO_EXPORT

Hili limekula muda kuliko yote. Kipimo cha Kusi kinasema K ni ms 9. Risolva ya mtandao wetu, inayotumia prefiksi yetu wenyewe, inaipata K kwa ms 168. Kusi yupo hewani, njia yake ya jumla ina local-pref (alama ya upendeleo tunayoipa njia) kubwa kuliko ya Kaskazi, na bado risolva inakwenda Ulaya.

Sababu ni hii. Mashine nyingi za mzizi zilizo kwenye vituo vya kubadilishana trafiki hutangaza prefiksi zikiwa na alama ya NO_EXPORT. Maana yake: wewe uliyeisikia, itumie, lakini usiitangaze kwa ASN nyingine (ASN ni namba ya mtandao, kama AS25152 ya K). Alama hiyo ina kazi. Mwezi Machi 2010 majibu ya I-root ya Beijing yalionekana hadi Chile, yakiwa yamechezewa kwa majina kama ya Facebook na Twitter, na Netnod, mwendeshaji wa I, ikalazimika kuondoa tangazo la mashine hiyo kwa muda. Mashine ya mtaa ikivuja nje ya mtaa, mtu wa bara jingine anaweza kujikuta chini ya sheria na vichujio vya nchi asiyoijua.

Sasa, Kusi anaisikia K pale TIX. Sisi tuna ASN yetu, kwa hiyo Kusi hawezi kututangazia. Tunapata ile 0.0.0.0/0 tu. Kaskazi anaisikia K kutoka kwa mwenye transiti wake, bila alama, na anatutangazia 193.0.14.0/24 kamili. Ruta huangalia kwanza prefiksi ndefu, yaani inayotaja fungu dogo zaidi la anwani. /24 inaishinda /0 kabla local-pref haijafikiwa kabisa. Kwa maneno mengine, anayetupa taarifa nyingi zaidi ndiye anayetupeleka mbali zaidi.

Dawa ya haraka ambayo wengi huifikiria ni kuandika njia ya kudumu ya 193.0.14.0/24 kwenda kwa Kusi. Msifanye. Faiba ya Kusi ikikatwa huko Segera na kiunganishi cha hapa kikabaki kimewaka, njia hiyo inabaki kwenye jedwali na K inakufa kwenu. Dawa yetu ni kuikataa prefiksi hiyo moja kutoka kwa Kaskazi, na kuchukua njia ya jumla kutoka kwa wote wawili:

`filter kutoka_kaskazi {`
`  if net ~ [ 193.0.14.0/24 ] then reject;`
`  bgp_local_pref = 100;`
`  accept;`
`}`

Kusi ana 200. Kwa hiyo K haina tena prefiksi yake ndefu, inafuata njia ya jumla ya Kusi na kufika Dar. Sesheni ya Kusi ikianguka, inafuata ya jumla ya Kaskazi na kwenda Ulaya. Ms 168, lakini inajibu. Tumekataa zile tu tulizothibitisha kwa NSID kuwa Kusi anazifikia hapa nyumbani. Ukikataa herufi zote 13 kwa mkupuo, zile ambazo Kaskazi ana njia nzuri zaidi utaziharibu.

Baada ya hapo K ikanyamaza kabisa. Swali linafika, jibu halirudi. Hapa ndipo watu husahau kwamba piaringi ina pande mbili. Mashine ya mzizi pale kituoni nayo lazima iijue njia ya kurudi kwenye prefiksi yetu, na ataitangaza nani kama si Kusi. Route server za vituo (mashine zinazowagawia wanachama njia za wenzao) huchuja kwa IRR na RPKI, kumbukumbu za nani ana haki ya kutangaza prefiksi ipi. Sisi tulikuwa na ROA (idhini ya RPKI) lakini route object (ingizo la IRR) ya prefiksi yetu haikuwamo kwenye hifadhi ya AFRINIC, msajili wa anwani za Afrika, na Kusi hakuwa ametuweka kwenye as-set yake, orodha ya ASN anazozitangaza. Route object imeandikwa, Kusi ameongeza ASN yetu kwenye as-set, na vichujio vya kituo vikaisoma vilipojengwa upya. K: ms 9, kwa risolva pia.

14 Juni

Herufi zote 13 zimeanza kupoteza pakiti kupitia Kaskazi, na asubuhi kunapokuwa na unyevu ndiyo zaidi. Kanuni tunayoitumia: herufi moja ikipoteza, tafuta huko kwa wenyewe, zote zikipoteza, tatizo liko ndani ya mita mia za kwanza. Kiunganishi cha RJ45 upande wa redio, juu ya paa, pini mbili zimeota ukungu wa kijani. Upepo wa bahari wa Tanga hauna huruma na shaba. Kimekatwa, kimewekwa kipya chenye jeli, waya umepewa kitanzi cha kudondoshea maji kabla ya kuingia kwenye redio, na gland imekazwa. Upotevu umeisha.

18 Juni: C kwa IPv6

Kwa IPv4, C inajibu kutoka Ulaya kwa wote wawili. Hilo lilitarajiwa; mashine za C ni chache na zimo ndani ya mtandao wa Cogent wenyewe. Kwa IPv6, 2001:500:2::c haijibu. Herufi nyingine zote zinajibu kupitia handaki. Traceroute inafika ruta ya kwanza ng'ambo ya handaki na kurudi na `!N`, yaani ruta hiyo haina njia kabisa ya kwenda huko.

Hili halitokani na Tanga wala haliripotiwi kama hitilafu. Tangu 2009 mitandao mikubwa miwili ya transiti, Cogent (AS174) na Hurricane Electric (AS6939), haina piaringi ya IPv6. Hurricane wanataka waungane kama walio sawa, Cogent hawakubali. Kwenye mkutano wa NANOG (waendeshaji mitandao wa Amerika Kaskazini) wa mwaka huohuo Hurricane walifikisha keki iliyoandikwa ombi la piaringi, na jibu halijabadilika. Kwa kuwa hakuna upande unaonunua transiti ya IPv6 ya kumfikia mwenzake, intaneti ya IPv6 ina vipande viwili pale katikati. Mtandao wenye watoa huduma wawili wa IPv6 hauoni kitu. Mtandao ambao IPv6 yake yote inapita upande wa Hurricane peke yake, na mahandaki mengi ya bure, letu likiwamo, yako hivyo, unaikosa C.

Madhara kwa mtumiaji: karibu hakuna. Zimebaki anwani nyingine 25. Risolva hujaribu ile isiyojibu, hupoteza muda mara moja, kisha huiweka kando. Tumeongeza `do-not-query-address: 2001:500:2::c` kwenye Unbound, programu ya risolva yetu, ili isijisumbue, na tumeweka kikumbusho cha kuifuta siku tutakapopata IPv6 ya kweli. Mstari kama huu ukisahauliwa humsumbua mwenzako miaka mitano baadaye.

21 Juni: risolva nayo ina maamuzi yake

Tumehangaika hadi K ikawa ms 9, kisha `unbound-control dump_infra` inaonyesha Unbound inaendelea kuuliza herufi za Ulaya kama kawaida. Si kosa lake. Unbound huchukua seva zote ambazo muda wao hauzidi ule wa iliyo haraka zaidi kwa ms 400, kisha huchagua mojawapo kwa bahati nasibu. Machoni pake ms 9 na ms 170 ni ndugu. BIND, programu nyingine ya risolva, hufanya tofauti: hupendelea yenye muda mdogo na kuzijaribu nyingine mara mojamoja.

Kwa Unbound tumeweka:

`fast-server-permil: 900`
`fast-server-num: 3`

Maana yake, mara 900 kati ya 1,000 ichague kati ya seva 3 zilizo haraka zaidi. Sasa sehemu kubwa ya trafiki ya mzizi inabaki Dar na Nairobi. Asiyejua hili atalipia mlango wa kituo, ataipata seva ya karibu, na risolva yake itaendelea kusafiri.

Tumewasha pia `aggressive-nsec: yes`. Sehemu kubwa ya maswali yanayofika mzizini ni ya majina yasiyokuwapo, na kwetu wakosaji wakubwa ni printa na kompyuta zinazotafuta vitu vinavyoishia na .lan na .home. Kwa mpangilio huu risolva inatumia rekodi za NSEC (zinazosema hakuna jina kati ya hili na lile) ilizokwisha kuzithibitisha kujibu yenyewe kwamba jina halipo.

26 Juni: nakala ya zoni ndani ya kabati

Zoni ya mzizi ni faili la takriban MB 2. Waraka wa kiufundi RFC 8806 unaeleza jinsi ya kuiweka ndani ya risolva yenyewe, na kwa mtandao mdogo wa pembezoni hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote tulizofanya hapa, maana haihitaji saini ya mtu yeyote wa biashara.

`auth-zone:`
`  name: "."`
`  primary: 193.0.14.129`
`  primary: 170.247.170.2`
`  primary: 192.5.5.241`
`  primary: 192.0.32.132`
`  fallback-enabled: yes`
`  for-downstream: no`
`  for-upstream: yes`
`  zonemd-check: yes`
`  zonefile: "root.zone"`

Wanne hao ni K, B, F na seva ya ICANN ya kugawa zoni. Waorodhesheni zaidi ya mmoja na wawe wa waendeshaji tofauti; mwenye C peke yake kwenye orodha, wiki ile ya Mei angekaa na nakala iliyochacha bila kujua. `zonemd-check` inahitaji Unbound 1.13.2 au zaidi (Debian 12 ina 1.17.1, inatosha), na inakagua muhtasari wa zoni nzima, ambao mzizi unautoa kwa SHA-384 tangu Desemba 2023. `fallback-enabled` ni lazima: nakala ikiharibika au ikiisha muda, risolva irudi kuuliza seva zenyewe.

Zoni huangaliwa upya kila sekunde 1,800 na hufa baada ya sekunde 604,800, yaani siku 7 bila kuifikia seva hata moja. `unbound-control list_auth_zones` huonyesha namba ya toleo. Programu yetu ndogo inailinganisha na zile za herufi na kupiga kelele ikipitwa kwa zaidi ya siku.

Kuhamisha zoni hutumia TCP. Mwenye ukuta wa moto unaoruhusu bandari 53 kwa UDP pekee ataona kila kitu kinafanya kazi isipokuwa hili.

3 Julai: saa

Umeme ulikatika usiku, UPS ikaisha, Pi ikawaka asubuhi ikiwa na saa ya nyuma sana. Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Saa ikiwa mbaya, sahihi za DNSSEC zinaonekana bado hazijaanza kutumika, risolva iliyomo inakataa kila jibu. Na kwa kuwa inakataa kila jibu, haiwezi kuipata anwani ya seva ya NTP (ya kuulizia saa) ili irekebishe saa. Inajifungia ndani. Moduli ya saa ya DS3231 imefungwa kwenye pini za I2C, na chrony, programu ya kurekebisha saa, imepewa seva moja kwa anwani badala ya jina.

8 Julai: ilipofikia

Kipimo cha leo asubuhi tulikifanya kwa kuzima handaki na laini ya Kaskazi, na kuifungia Kusi milango yote isipokuwa ya ndani ya nchi, kuigiza hali ya tarehe 12 Mei. Mzizi ulijibu bila shida, kwa K na kwa nakala ya ndani. Majina mengi hayakufunguka hata hivyo. Mzizi kazi yake ni kukuambia .com iko wapi na .tz iko wapi, na rekodi hizo risolva yenye kazi hukaa nazo kwenye kache (kumbukumbu yake ya muda) siku 2. Kukatika kwa saa chache hakuonekani mzizini kabisa. Kinachokwama ni hatua inayofuata: seva za .com zisizofikika, kisha seva za jina lenyewe, mara nyingi zote ziko nje hata kama ofisi ya mwenye jina iko Chumbageni.

Kwa hiyo wazo lililoletwa na jirani mmoja, la kuomba mashine ya mzizi iwekwe Tanga, tumelijibu hapana kwa sasa. Mashine hiyo ingemhudumia aliyeiweka tu, isipokuwa watoa huduma wa mji wakubali kubadilishana trafiki humuhumu. Nguvu hiyo iende kwenye mambo haya: Kaskazi aungane na TIX (bado liko mezani kwao; tunawakumbusha kila mwanzo wa mwezi kwa kipimo kipya, bila maneno makali), Kusi awashe IPv6 ili handaki lifungwe, na wenye tovuti za mji wawe na angalau seva moja ya majina iliyo ndani ya nchi.

Kipimo kinachofuata kitaongeza seva za .tz kwenye orodha, kwa amri ileile, na SOA ya `tz.` badala ya nukta.